Hamu ya Kugombezwa

Wengine huomba mali, wengine watoto. Rosaura, Mperu wa kiwanda cha vipuri vya magari mjini Hamamatsu, Japani, alitaka kitu kimoja tu: Bi Murase amgombeze.

Usicheke. Bi Murase ndiye msimamizi wa taka wa mtaa, na ulimi wake hauna breki. Hata daktari wa meno alipewa vidonge vyake hadharani kwa kutupa sufuria siku ya taka za karatasi. Ila Rosaura, miaka kumi na mmoja mtaani, aliambulia tabasamu tu. "Lo, Kijapani chako kizuri! Na vijiti vya kulia unavishika vizuri!" Vijiti! Alitaka ale kwa beleshi?

Asubuhi moja alikuwa ameshatupa taka zake, akarudi nyumbani kuchukua mwavuli. Alipopita tena penye taka akamkuta Bi Murase amechuchumaa, chupa yake ya kioo kando, amefungua mfuko wa Rosaura, anatoa vifuniko vya chupa kimoja kimoja.

"Bi Murase! Unafanya nini?"

"Aa, si kitu, si kitu. Vifuniko vinatupwa kando na chupa."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Na kila wiki unanitolea wewe?"

"Wewe mgeni, dada. Mgeni hasumbuliwi."

Damu ikamchemka Rosaura. Kumbe miaka yote hiyo anatupa ovyo, mtaa mzima unajua, asiyejua ni yeye tu! Iliuma, wacha wee.

"Mgeni gani haondoki? Na wewe unafunguaje mfuko wa mtu bila hodi? Halafu leo ni siku ya plastiki, hiyo chupa yako ya kioo umeileta ya nini?"

Bi Murase akaitazama chupa yake. Hajawahi kuambiwa hivyo na mtu. Mishipa ya shingo ikamsimama.

"Wewe! Wewe ndiye wa kuniambia mimi? Chupa huoshi hata moja! Baiskeli yako inaziba njia! Kandambili zako kelele alfajiri yote! Na ile Jumapili uliyochoma samaki, nguo zangu nilizifua mara mbili! Mara mbili!"

Rosaura akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Unacheka nini?"

"Endelea, mama, endelea!"

Akaendelea mpaka pumzi ikamkatika. Kisha akachomoa kalamu, akaiendea orodha ya zamu ukutani, akaandika jina la Rosaura chini ya lake.

"Jumatatu saa kumi na mbili na nusu, unasimamia taka. Ukichelewa, utanitambua."