Mama Aliyefika Bandarini kwa Teksi, kwa Basi na kwa Treni

Begi la Bi Simu lilitoka la mwisho kwenye mkanda wa mizigo, limelala chali, na utepe wa rangi ya chungwa aliofunga mpini ulikuwa umelowa mafuta. Alilishusha mwenyewe. Abiria aliokuja nao kwenye ndege walikuwa wameshapokewa na watu wao, wakakumbatiana na kwenda zao. Ukumbi ulibaki na mfagiaji, kahawa iliyomwagika, na dawati la usafiri lililokuwa na taa moja inayopepesa.

Jina la Bi Simu alilipata kazini. Miaka yote ya utumishi wake alikaa kwenye chumba kisicho na dirisha katika hospitali kubwa, akiwaunganisha waliopiga simu na waliowataka. Laini ikiwa na mtu, alisema kwa sauti ya upole, "Subiri kidogo, mpendwa, nakutafutia." Alistaafu, mashine ikachukua nafasi yake, lakini jina lilimfuata nyumbani. Mumewe naye alilitumia hadi alipofariki.

Alikuwa na watoto watatu, kila mmoja na mji wake. Kila likizo ilipokaribia walianza kugombana kwenye kundi la familia la simu kuhusu zamu ya kukaa na mama. Kifungua mimba alisema yeye alimchukua mara iliyopita. Binti wa kati alisema mara ile haihesabiki, mama alikaa siku chache tu. Kitinda mimba alisema chumba chake hata yeye hakimtoshi. Mwaka huu binti wa kati aliona tangazo la meli ya kitalii: chakula humo humo, muziki humo humo, unazungushwa baharini kisha unarudishwa ulipotolewa. Wote watatu walishusha pumzi. "Mama anastahili kupumzika," waliandika. Mama aliwajibu kuwa kweli anastahili, ingawa tangu astaafu hakuwahi kuchoka.

Kwenye dawati la usafiri alikaa mwanamke wa makamo, miwani yake ikining'inia kifuani.

"Unakwenda bandarini, mama? Kwenye ile meli kubwa?"

"Hiyo hiyo, mwanangu."

"Kuna basi la kampuni ya meli yenyewe, linaondoka likijaa. Kuna teksi, zipo hapo nje. Na kuna treni, unashuka ngazi zile, unabadilisha stesheni kuu, halafu unatembea kidogo kwa miguu. Zote zinafika."

"Ipi nzuri?"

"Inategemea uko na nani."

"Niko peke yangu."

Mhudumu alivaa miwani na kumtazama vizuri. "Basi hapo ni wewe tu, mama. Unavyopenda."

Bi Simu alisogea pembeni. Jibu la namna hiyo halikuwa la kawaida kwake. Alitoa simu akawatumia watoto ujumbe wa sauti: wanangu, nimefika salama, kuna basi, kuna teksi na kuna treni, sasa nipande nini?

Majibu yalikuja kama yalikuwa yanangoja mlangoni. Kifungua mimba aliandika kwamba ni teksi, hakuna mjadala, mtu mzima hawezi kuburuta begi barabarani. Binti wa kati aliandika kwamba basi la kampuni ndilo la akili, maana likichelewa meli italingoja, na teksi ikichelewa nani ataingoja? Kitinda mimba aliandika treni, kwa kuwa treni haijui foleni. Kifungua mimba alimuuliza kitinda mimba lini mara ya mwisho amembebea mama hata mfuko wa sokoni. Kitinda mimba alimjibu. Binti wa kati aliwaambia wote wawili wanyamaze.

Kisha wakaanza kumpigia, mmoja mmoja.

"Mama, usiwasikilize hao," alisema kifungua mimba. "Niahidi utachukua teksi."

"Sawa, baba, nitachukua teksi."

Binti wa kati alipiga akataka ahadi ya basi, akapewa. Kitinda mimba alipiga akiwa kwenye kelele, akasema, "Mama, mara moja tu katika maisha nifanyie nilivyokwambia." Naye akaahidiwa treni. Hakuna aliyeuliza kama alikuwa amekunywa hata chai.

Bi Simu hakuwahi kumvunjia mtoto ahadi. Walipokuwa wadogo aliweza kuzitimiza zote kwa kuchelewa kulala. Safari hii muda ulikuwa mmoja kwa wote. Kwa hiyo alikwenda kote.

Alitoka kwa mlango wa mbele akiburuta begi, simu mkononi, akafunguliwa mlango wa nyuma wa teksi. Alipanda basi la kampuni akiwa na mkoba begani, na ndani ya mkoba kulikuwa na kitambulisho, tiketi ya meli na pesa kidogo. Na alishuka ngazi za treni mikono mitupu, sweta amelifunga kiunoni. Mhudumu wa dawati aliwatazama wote watatu wakienda, kisha akampazia sauti yule wa treni.

"Mama, shika ukingo. Ngazi zina maji hizo."

Yule wa treni alishika ukingo na kumshukuru.

Dereva wa teksi alikuwa anazungumza na mkewe kwenye simu. Alimwonyesha Bi Simu ishara ya kwamba atamaliza sasa hivi, lakini hakumaliza. Walikwama kwenye foleni nyuma ya lori la matofali, na Bi Simu wa teksi akasikiliza habari za paa linalovuja, shemeji asiyesikia na mtoto aliyekataa kula. Mara moja nusura atoe ushauri kuhusu mtoto. Akakumbuka kwamba mazungumzo si yake, akageukia dirisha. Kazini pia ilikuwa hivyo: ukishamuunganisha mtu, unatoka kwenye laini.

Kwenye basi la kampuni, watu walikaa wawili wawili. Kiongozi wa msafara alipita katikati akigusa migongo ya viti na kusema, "Wawili, wawili, wawili," mpaka alipofika kwa Bi Simu wa basi. Aliangalia kiti kilichokuwa kitupu pembeni yake, akauliza, "Mwenzako yuko chooni?" Bi Simu akasema hapana. Kiongozi akasema hamna shida, akaweka boksi la chupa za maji kwenye kile kiti, na boksi lilikaa hapo hadi bandarini, likimgonga goti kila kona.

Kwenye treni, mama mmoja kijana alikuwa na watoto wawili na mikono miwili, na mmoja wa watoto alitaka kwenda haja. "Shikamoo, mama. Unaweza kunishikia huyu?" Bi Simu wa treni akapokea kichanga. Mama yake alikawia, maana choo kilikuwa na foleni. Kichanga alimwangalia Bi Simu, akapiga mwayo, akalala kifuani pake na mdomo wazi, akiacha alama ya mate kwenye blauzi. Yeye hakuwaza chochote. Treni ilipita nyuma ya nyumba za watu, akaona nguo zilizoanikwa, mzee anakata kucha, mbwa juu ya meza. Stesheni kuu ilipofika alimrudisha mtoto kwa mwenyewe, naye mama kijana akamwambia, "Una mikono mizuri, mama. Huyu huwa halali kwa mtu."

Wa treni alifika wa kwanza, akakaa kwenye benchi mbele ya lango la abiria. Baadaye likaja basi. Teksi ilikuja mwisho, dereva bado yuko kwenye simu.

"Umefikaje?" aliuliza wa treni.

"Salama. Na wewe?"

"Salama kabisa."

Walisogezeana nafasi. Wakasimuliana njia walizopitia, na ilipofika habari ya boksi la maji wote watatu walicheka mpaka wa teksi akatoa leso. Ilikuwa siku nyingi Bi Simu hajacheka na mtu aliyeelewa bila kuelezwa. Nyuma yao meli ilisimama juu kama mtaa mzima uliojengwa kwa siku moja, yote madirisha.

Mpokea abiria alikuwa binti mwenye sare nyeupe na kucha fupi. Alipokea kitambulisho, akatazama picha, kisha akatazama nyuso tatu zilizokuwa mbele yake.

"Mpo watatu, mama."

"Ndiyo, mwanangu. Watoto hawakukubaliana."

"Huwa inatokea. Wazazi hasa." Alibonyeza kompyuta. "Chumba chako ni cha vitanda viwili. Anayesafiri peke yake hulipishwa vyote, kwa hiyo wawili mtaingia bila tatizo. Wa tatu siwezi. Maboya ya kuokolea watu yana hesabu yake."

Wakarudi kwenye benchi. Bi Simu wa teksi, kwa kuwa simu ilikuwa kwake, alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi. Alieleza kwamba amefika kwa njia zote tatu, kila mtu ametimiziwa, asanteni wanangu. Ila nafasi melini ni mbili, sasa huyu mmoja aje kwa nani?

Aliona kwamba wote wamesikiliza.

Kisha kifungua mimba akaandika, "Mimi ilikuwa zamu yangu mara iliyopita." Binti wa kati akaandika kwamba watoto wana mitihani na nyumba haikaliki. Kitinda mimba akaandika, "Jamani, chumba changu mnakijua." Baada ya hapo binti wa kati akaongeza kwamba isitoshe, huyu wa basi ahesabiwe kuwa ndani tayari, kwa hiyo yeye kwa upande wake ameshamaliza. Kifungua mimba akasema na wa teksi vile vile. Kitinda mimba akaitwa mbinafsi. Bi Simu wa teksi alizima simu akaiweka mapajani, kioo chini.

"Nitabaki mimi," alisema wa treni. "Sina mzigo."

"Na wewe leo umeshapata lako, umeshika mtoto," alisema wa basi.

Wakaona ni haki. Wa basi alifungua mkoba akampa pesa zote zilizokuwamo, wa teksi akamtolea begini viatu vya kutembelea. Walishikana mikono kidogo. Kisha wawili wakapanda ngazi ya meli, mmoja akimsaidia mwenzake begi, na wa treni alisimama nje ya uzio akipunga mkono hadi asiweze tena kuwatofautisha na abiria wengine.

Alirudi nyumbani kwa basi la masafa marefu. Alifungua madirisha, akafuta vumbi, akapika chakula cha mtu mmoja. Jirani alimwona akianika nguo.

"Si ulisafiri wewe?"

"Nimesafiri."

"Aa," alisema jirani, akaendelea kumwagilia maua yake.

Siku zilizofuata alikaa karibu na simu ya mezani. Haikulia. Mama alikuwa baharini, na watoto hawakuwa na sababu ya kupiga nyumbani. Kila jioni kundi lilipokea picha kutoka melini: akina mama wawili wanaofanana mezani, wakiegemeana. Binti wa kati alijibu kwa alama za moyo. Kitinda mimba aliandika, "Umenawiri, mama." Wa treni hakuziona, maana simu ya mkononi ilikuwa melini.

Wawili walirudi wameungua kidogo na jua. Aliwafungulia mlango, akawapokea begi, wakaketi kusimuliana hadi chakula kikapoa. Tangu siku ile nyumba ile ina watu. Mmoja akienda sokoni, wawili hubaki. Mmoja akiamka na mawazo usiku, kuna wa kumsikiliza. Hawapigi simu kwa watoto kama zamani. Hupita wiki.

Watoto wameliona hilo. Kifungua mimba alisema safari ile ilimfaa mama, ametulia, hasumbui. Binti wa kati alisema wangemfanyia hivyo mapema. Likizo nyingine ilipokaribia hakukuwa na ugomvi wowote wa zamu. Walikubaliana haraka, wote watatu, kumlipia meli ile ile, na safari hii chumba cha vitanda vitatu, ili asijisikie mpweke.