Kofi la Rehani

Wanawake walikuwa mtoni, chini ya kituo cha kupakia mboga huko Mgeta, wakiosha karoti. Karoti huoshwa kwa miguu: zinamwagwa kwenye kibwawa kilichozungushiwa mawe, mtu anakunja khanga, anaingia na kuzikanyagakanyaga mpaka udongo utoke. Mwaisha alikuwa ndani ya maji na jirani yake Maimuna, wakizungumzia mbolea, kofi lilipompiga. Mbele yake hapakuwa na mtu. Kofi lilisikika vizuri, na Mwaisha akaanguka chali juu ya karoti. Alipoinuka alitema damu na gego moja.

Maimuna alimkagua shavu. Alama za vidole zilikuwa tatu, na pengo mahali pa kidole cha kati.

"Huyo Rehani," alisema Maimuna.

"Ndiye."

Mwaisha akasukutua, wakamalizia karoti, kwa sababu lori lilikuwa linasubiri.

Rehani alikuwa mpakiaji. Kidole chake cha kati kilikatwa na kamba ya lori. Saa hiyo alikuwa juu kituoni, na alikuwa ametoka kumzaba kofi Stambuli, mume wa Mwaisha, aliyemkuta nyuma ya matenga ya kabichi na sigara imewaka.

Alimpiga kwa mujibu wa kanuni za kikundi. Kikundi cha kuacha sigara kilianzishwa na mzee Hafidhi, mpakiaji wa siku nyingi, baada ya kumzika mdogo wake. Kila Alhamisi baada ya alasiri wanachama walikaa kwenye makreti, kila mmoja akaeleza wiki yake ilivyokwenda, na wenzake wakamsikiliza bila kumkatiza. Stambuli alijiunga alipoanza kukohoa damu. Daktari wa zahanati alimwambia achague, sigara au kifua.

Mzee Hafidhi alijua kwamba mtu anayeacha sigara hakanyiki. Ukimkemea anakupiga, au anavuta kwa kukukomoa. Kwa hiyo alitumia utani. Kila mwanachama alipewa mlinzi kutoka ukoo anaotaniana nao, kwa kuwa mtani anaruhusiwa kukutukana, kukunyang'anya, hata kukupiga, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za mababu, na hakuna aliyewahi kuuliza hasira hiyo inakwenda wapi.

"Ukoo wenu nyie," Rehani alimwambia Stambuli siku ya kwanza, "mtoto akizaliwa analilia kiberiti kabla ya ziwa."

"Na nyie mkifa mnaoshwa kwa ndoo ya kuazima," Stambuli akajibu, na kikundi kizima kikacheka.

Kofi lile Stambuli hakulisikia. Aliona kama upepo umempitia, sigara ikaruka, na kiu yake ikakatika. Alirudi nyumbani mwepesi, akamkuta mkewe na shavu lililovimba. Hakuuliza. Mkono wa Rehani aliufahamu.

"Nisamehe, mama Nasra," alisema. "Sirudii tena."

Alimchemshia maji ya chumvi, akamshikia kikombe. Alikuwa anasema kweli.

Alirudia. Safari hii Rehani alitumia ngumi, na Mwaisha, aliyekuwa akipalilia njegere kwenye shamba la ukoo wa mama yake, aliporomoka matuta mawili akavunjika ubavu. Aliporudia tena, Rehani alishika fimbo. Wakati huohuo kikohozi cha Stambuli kilipungua. Alipandisha viroba viwili mlimani bila kupumzika. Mwaisha aliweka sikio mgongoni kwa mumewe akasikia pumzi inapita safi, na akafurahi, huku amelalia upande ambao haukuvunjika. Alitaka mume wake aishi. Alitaka pia meno yake yaliyobaki.

Alhamisi iliyofuata alipanda kituoni.

"Shikamoo, mzee Hafidhi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Alipewa kreti, akaeleza. Hakuna aliyebisha. Wanaume kadhaa walitazama viatu vyao. Wao pia walikuwa na wake, na walikuwa wameshaona mambo nyumbani.

"Lakini shemeji," alisema Rehani, "mimi nampiga mtani wangu. Wewe sijawahi kukuinulia mkono."

"Najua. Lakini unanifikia."

"Tupunguze nguvu," alisema mmoja.

"Tukipunguza atavuta," alijibu mwingine.

Walijadili kwa utaratibu, kila mtu akapewa zamu yake. Mwaisha hakupewa, kwa kuwa hakuwa mwanachama. Waliamua kwamba kifua cha Stambuli kimefika pazuri, si wakati wa kukichezea, na kwamba shemeji apewe pole na dawa ya kuchua.

Mwaisha alifungua fundo la khanga, akatoa sigara aliyoitoa kwenye koti la mumewe. Akaiwasha, akavuta, akakohoa.

"Rehani," alisema, "sisi pia ni watani, kwa upande wa mama yangu. Nipige."

Alikuwa ameshafikiri. Kama kofi la mume linamfikia mke, basi la mke litamfikia mume, na Stambuli akilisikia mara moja tu, atajua uzito wake.

Kwa mara ya kwanza tangu alipofika, wanaume walishtuka. Rehani alificha mkono nyuma.

"Astaghafirullah!" alisema mzee Hafidhi. "Mwanamke hapigwi hapa, mwanangu. Hiki ni kikundi cha watu wa heshima."

Stambuli aliinuka huku machozi yanamtoka. Akaiondoa sigara mdomoni mwa mkewe taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. "Usivute, mama Nasra. Itakuharibu kifua."

Lakini sigara ilikuwa inawaka, na sasa ilikuwa mkononi mwake. Akavuta mkupuo mmoja.

Rehani akaokota gongo la kukazia kamba za lori, akampiga nalo Stambuli kisogoni. Mwaisha alianguka kutoka kwenye kreti bila sauti, na damu ikamtoka sikioni. Kikundi chote kilimkimbilia. Walimwinua, wakampepea kwa magunia, wakamnywesha chai ya tangawizi. Stambuli alisimama pembeni bila hata mkwaruzo, akaitupa sigara ile, na hakuvuta tena maisha yake yote.

Mwaisha alipona, ila sikio la kushoto halisikii. Mzee Hafidhi humtaja Stambuli kama mfano kila mwanachama mpya anapokata tamaa, na wanachama wapya ni wengi. Kikundi cha pili kimefunguliwa Mkuyuni.

Siku hizi, Alhamisi, wanaume wakishaswali alasiri hupanda kituoni, na wanawake huteremka mtoni. Hawaingii majini. Wanakaa chini kwenye majani, mbali na mawe, na Mwaisha anawapitia mmoja mmoja akiwaonyesha namna ya kukunja pindo la khanga mara nne na kuliuma, ili meno yasitoke. Kisha anakaa katikati yao, anawashika mikono wa kulia na wa kushoto, na wanasubiri pamoja.