Komeo la Ndani

Hamido aliniibia picha nikiwa ndani ya eda, akidhani mjane aliyefungiwa chumbani hana mkono wa kumfikia mtu. Nalisema hili mapema, kabla hamjaanza kumwonea huruma.

Tulikuwa na grupo letu la simu hapa Palma, watu kumi na wawili tunaopenda kupiga picha. Hakuna aliyekuwa fundi wa picha. Nafisa ni mwalimu, Nurdine anabeba abiria kwa pikipiki, Laila anauza vocha, shemeji yangu Abdurremane anatengeneza mashine za boti, na mimi ni mshonaji. Tulipiga vitu vya kila siku: sufuria, paka, ndoo kwenye foleni ya maji, nguo kwenye kamba. Mambo ya vita na ya kukimbia tulikwisha kuyaona kwa macho, hatukutaka kuyaona tena kwenye simu.

Utaratibu wetu ulikuwa huu. Kila Ijumaa baada ya sala, kila mmoja anamtumia Hamido picha moja, naye anazipandisha zote kwa namba, bila majina. Tunazisifu, tunazicheka, tunazikosoa mpaka Jumapili, ndipo anaandika orodha: namba hii ya fulani, namba ile ya fulani. Hivyo mtu hasifiwi kwa sababu ya sura yake. Hamido ndiye aliyeubuni utaratibu huo, na mimi nilimpongeza kwa maneno matamu. Mjinga mimi.

Tena aliweka ujumbe wa faragha kati yake na kila mmoja wetu uwe unajifuta baada ya siku moja, eti asitujazie simu. Yangu ilikuwa imejaa kweli. Ukitaka kuingiza picha mpya lazima utoe ya zamani, kwa hiyo nikishatuma, nafuta. Grupo ndilo lilikuwa kabati letu.

Mume wangu Carimo alirudi kutoka Namoto Jumanne moja adhuhuri, akavua viatu vyake vya tairi mlangoni, akasema kichwa kinamgonga, akaingia kulala. Hakuvivaa tena. Ukanda wa kushoto ulikuwa umekatika, akauunga kwa uzi wa buluu wa nyavu, mafundo matatu mabaya, maana Carimo alijua mengi lakini fundo hakujua kulifunga. Siku ya tatu watu walikuja kugawa nguo zake sadaka. Kabla hawajafika kwenye viatu nikavipiga picha pale pale alipoviacha, mchanga wa Namoto ukiwa bado umo ndani. Kisha vikaondoka. Kwangu ikabaki picha.

Nikaanza eda, miezi minne na siku kumi. Mama mkwe wangu, Bi Haula, akahamia chumbani kwangu, akatandika mkeka wake kando ya kitanda. Kila alfajiri alikoroga msiro kidogo, ule unga mweupe wa mti ambao wanawake wa hapa tunajipaka usoni, akachora mstari mmoja kwenye mlango wa chumba, upande wa ndani, ili tusipoteze hesabu ya siku.

"Usoni huruhusiwi mpaka umalize," aliniambia. "Basi na upendeze nlango."

Wiki ya saba nilijipa moyo nikamtumia Hamido ile picha ya viatu. Akaipandisha, namba saba. Nafisa aliandika kwamba ameacha chakula mezani akiitazama. Nurdine aliuliza, "Mwenyewe kaenda wapi, mbona viatu vinamngoja?" Nililia, lakini kilikuwa kilio kinachoshusha mzigo. Nilingoja Jumapili wajue ni vya nani.

Jumapili Hamido akaandika: "Namba saba, yangu. Viatu vya babu yangu wa Pundanhar."

Nilidhani amekosea. Nikamwandikia faraghani. Akanijibu kwa sauti, laini kabisa: "Dada Siwema, pole sana. Kuna concurso Pemba, makao ya mkoa wetu, picha zitatundikwa ukutani, mshindi anapewa kamera. Wewe uko eda, utakwendaje? Mimi nimeisaidia ifike. Ntu akiona picha nzuri, jina la nini?"

Jina la nini! Carimo wangu amekuwa babu wa mtu, mtu mwenyewe hata babu hana. Na kesho yake sauti ile ikajifuta, kama alivyopanga.

Nikaandika mbele ya wote kwamba picha ile ni yangu na viatu ni vya mume wangu. Hamido akajibu: "Ndugu, tumwombee dada yetu. Huzuni imemzidi, anaona vitu vya marehemu kila mahali." Ikapanda mikono ya dua. Tisa. Niliihesabu, na bado naijua ni ya nani na nani.

Jioni ile Abdurremane akaja, akasimama nje ya pazia.

"Shemeji, acha. Eda siyo ya kugombana na wanaume kwenye selulari. Utatutia aibu."

"Ni viatu vya kaka yako, Abdurremane."

"Tairi zote ni tairi, shemeji."

Hakuwa ameyatazama mafundo. Hilo liliniuma kuliko wizi wenyewe.

Bi Haula alikuwa amesikia yote. Shemeji alipoondoka akasema, "Hebu nione." Akaishika simu mbali na macho, akaisogeza, akaipeleka mbali tena.

"Mafundo ya mwanangu haya," alisema. "Alikuwa ananifungia mbuzi hivi hivi. Asubuhi mbuzi hayupo." Akanirudishia simu. "Sasa unataka nini?"

"Aseme kwa kinywa chake kwamba aliiba."

"Kusema tu?"

"Na aone haya mpaka akose pa kuuweka uso wake."

"Haya," alisema Bi Haula. "Hapo sasa tunaelewana."

Hatukungoja sana. Wiki mbili baadaye Hamido akatangaza kwenye grupo kwamba Pemba wamekipenda "kiatu cha babu", na sasa wanataka picha ya pili kutoka kwa mpigaji yule yule, ndipo waamue. Watu wakammwagia parabéns, hongera juu ya hongera. Mimi nilicheka peke yangu chumbani. Picha za Hamido mwenyewe zilikuwa machweo, machweo, tena machweo, utadhani jua linazama kwao tu. Atapata wapi ya pili? Atanitazamia mimi.

Asubuhi ya Alhamisi, Bi Haula alipokwisha kuchora mstari, nilifunga mlango wa chumba, nikasukuma komeo mpaka mwisho, nikakaa sakafuni. Jua lilikuwa limepanda nje na lilikuwa likipenya kwenye nyufa za mbao. Mistari ya msiro, sitini na minne, ilikuwa imesimama myeupe kwa myeupe, na komeo lilikuwa pale katikati, jeusi, limefungwa. Nikapiga. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizopata kupiga, na nilijua kwamba Hamido ataona mwanga tu. Mwanamume hajui ndani ya chumba cha eda kuna nini, kwa sababu haingii. Wanawake wote wa grupo walikuwa wamekaa chumba kile kunipa pole.

Nafisa alikuja mchana kunijulia hali, nikamweleza. Akashauri nipige picha ya skrini nikishamtumia, tumwumbue mara moja.

"Hiyo utunze wewe, ikiwa mambo yataharibika," nilimwambia. "Lakini nikiitoa mwanzo, atapata ubishi wa kubisha. Nataka aingize shingo mwenyewe."

Ijumaa nikatuma, picha ya skrini nikampelekea Nafisa. Mlango wangu ukapanda, namba nne, watu wakausifu. Nafisa na Laila wakakaa kimya. Laila alikuwa ameonywa. Jumapili saa tisa alasiri orodha ikatoka: "Namba nne, yangu. Nimeipa jina Subira. Hii ndiyo inayokwenda Pemba."

Subira! Nikaandika: "Nzuri sana. Ulisimama upande gani wa mlango?"

"Ndani, dada," akajibu, haraka kama mwalimu aliyeulizwa swali jepesi. "Mwanga uko nje, ndiyo maana nyufa zinang'aa. Fotografia inataka akili."

"Na komeo alilifunga nani?"

"Mimi mwenyewe. Mlango ukiwa wazi mwanga unazidi."

Hapo Laila akaingia. "Hamido, na hiyo mistari myeupe ni ya nini?"

"Mapambo tu."

"Mapambo?" akaandika Laila. "Mimi nimekaa chumba hicho siku ya arobaini. Hiyo ni mistari ya eda. Huo ni mlango wa Siwema, wa chumbani."

Niliona kwenye simu mtu anaandika, anaacha, mwingine anaandika, anaacha. Kisha likaja jina la shemeji yangu.

"Hamido. Umeingia chumba cha nke wa kaka yangu, naye yuko eda, ukafunga komeo?"

Sitadanganya, nilipata hofu. Mtego nilioutega ulikuwa na mguu wangu ndani. Angeweza kusema ndiyo, niliitwa. Mwanamume aliyebanwa husema lolote, na mjane akishasemwa, picha ya skrini haimsafishi kwa kila mtu. Eda yangu, jina langu, kila kitu nilichobaki nacho katika nyumba ile kilikuwa mikononi mwa mwizi kwa dakika zile, na mwizi hakuwa akijibu.

Bi Haula akaninyang'anya simu. "Nibonyeze wapi?" Nikamwonyesha. Akasema ndani yake polepole, kila neno na mahali pake:

"Mimi Haula, mama yake Carimo. Nalala chumba hiki kila siku iliyochorwa pale. Hajaingia dume humu tangu mwanangu atolewe. Hamido, uliingia au uliiba? Chagua moja, Abdurremane yuko njiani anakuja kwako."

Sauti ya Hamido ilikuja baada ya muda mfupi. Nyuma yake ilisikika pikipiki, labda ya shemeji, Mungu ndiye anajua.

"Niliiba," alisema Hamido. "Wallahi sikuingia. Niliiba, jamani. Hii niliiba, na ya viatu niliiba. Ni za Siwema zote mbili."

Niliisikiliza mara nne. Nilifurahi, na sitaomba msamaha kwa furaha ile.

Jumatatu baada ya alasiri shemeji alimleta. Aliita "shemeji" kutoka nje ya pazia, akakwama. Bi Haula alikuwa amekaa upande wa ndani wa mlango wa mbele, mimi nyuma yake.

"Vua viatu," alimwambia Hamido.

"Lakini siingii, bibi."

"Vua. Unasema na nyumba ya ntu."

Akavua. Akasimama kwenye mchanga wa moto, akarudia yote kwa kinywa, kisha Bi Haula akamwamuru awaandikie watu wa Pemba pale pale: jina langu na namba yangu ya simu, na viatu ni vya Carimo wa Palma, hakuna babu wala Pundanhar. Aliandika muda mrefu, akibadilisha miguu. Watu wa njiani wakawa wanapunguza mwendo. Alipomaliza akasema, "Desculpa, dada, nisamehe. Na grupo naondoka leo leo, sitawasumbua tena."

Ndipo nikafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Huondoki," nilimwambia kupitia pazia. "Utabaki, na kazi ni yako ile ile. Kila Ijumaa utazipokea, kila Jumapili utaandika ya nani ni ya nani."

Alikuwa bado anashukuru, hakuelewa. Wakati ule nilikuwa nimeinua ncha ya pazia kiasi cha kiganja. Viatu vyake vyeupe vya plastiki, vipya, vilivyoletwa kutoka Mtwara, vilikuwa vimekaa kwenye kizingiti, pale pale palipokuwa na vya Carimo. Nikapiga.

Ijumaa nikamtumia. Nikaona ameifungua. Saa moja ikapita, picha zikapanda, moja hadi kumi na moja, zikakoma.

Nafisa akauliza, "Mbona leo kumi na moja? Namba kumi na mbili iko wapi?"

Robo saa. Kisha akaipandisha, kwa mkono wake mwenyewe. Nurdine ndiye aliyeanza: "Mwanga safi. Ila viatu hivi nimevipakia jana." Hassane, ambaye aliwahi kuninyooshea mikono ya dua, akaandika, "Mwenyewe kaenda wapi?" Walicheka siku mbili nzima. Mimi nilikaa na mama mkwe wangu tukisomeana.

Jumapili orodha ilichelewa mpaka karibu na magharibi. Ya mwisho ilisema: "Namba kumi na mbili, ya Siwema. Viatu ni vyangu."

"Ameandika mwenyewe?" aliuliza Bi Haula.

"Mwenyewe."

Wakati ule ule Pemba walinitumia picha yangu ya viatu vya Carimo, ile ya kuchapwa, kubwa, jina langu chini yake. Nikabonyeza kuihifadhi. Simu ikakataa, imejaa. Nikaitafuta ya viatu vyeupe, ambayo safari hii sikuwa nimeifuta, nikaitazama mara moja, nikaifuta. Mafundo matatu ya buluu yakaingia, na mchanga wa Namoto.