Bakuli la Kwanza la Supu

Katika mji wote wa Parit Buntar hakuna mwanamke anayenishinda kwa wali wa kuku. Waulizeni watu. Ila msiwaulize sana, maana watawaambia kwamba kwa miaka thelathini na minne anayepika ni mume wangu Sidek, na kazi yangu mimi ni kukata matango na kusengenya wateja. Lakini matango nayakata vizuri.

Kibanda chetu kinatazamana na kinyozi. Meza sita, bati lenye kutu. Sidek huchemsha kuku, kisha huwakaanga mpaka ngozi ipige rangi ya kahawia. Yale maji aliyowachemshia huyagawa: mengine ya kupikia wali, pamoja na tangawizi na mafuta ya kuku, mengine ya supu. Hata pilipili ya kuchovya inalegezwa kwa supu hiyohiyo. Supu ikiharibika, sahani nzima imeharibika.

Ndiyo maana kila siku baada ya sala ya alfajiri lazima bakuli la kwanza lionjwe. Zamani alilionja mwenyewe, kafumba macho kama mtu anayenong'onezwa siri. Kisha, wiki ya pili baada ya Idi, akashikwa na homa. Alilala siku kumi na nne. Alipoinuka amekonda, hasemi na mtu, na bakuli la kwanza akawa ananipa mimi.

"Som, onja."

Nikaonja. Chumvi! Ulimi ulitaka kutoka nje uende zake.

"Vipi?"

Nikamtazama. Mkono ulikuwa unamtetemeka, upawa unagonga ukingo wa sufuria, kang'ang'ang'a.

"Tamu, mzee wangu," nikasema.

Nilikusudia kusema hivyo siku moja tu, mpaka apate nguvu. Kesho yake supu haikuwa na chumvi hata chembe, kama maji ya kuogea. Nikasema tamu. Kusema kweli siku ya pili ni kazi kuliko siku ya kwanza, maana inabidi uieleze na jana. Ya tatu ndiyo kabisa.

Wateja wetu ni watu wa adabu. Hakuna aliyelalamika. Waliacha nusu bakuli, halafu bakuli zima, halafu wakaacha kuja. Iliyobaki niliimwaga upesi mtaroni, nyuma ya kibanda, Sidek asione. Paka wa kinyozi walikuja, wakainusa, wakaniangalia kwa masikitiko, wakaondoka.

Mwalimu Hanapi, mstaafu, alikuwa haikosi Jumanne. Siku moja nikamwona kaisogeza supu mbali naye kama mtoto wa jirani mwenye makamasi.

"Mwalimu, mbona hujaigusa?"

"Daktari kanikataza supu, Bi Kalsom."

"Daktari gani huyo anayekataza watu supu?"

"Mgeni. Kaja juzi."

Jumanne iliyofuata hatukumwona. Nilipokwenda kununua matango nikapita kwenye mgahawa mpya ng'ambo ya reli, naye huyo, kainua bakuli la supu mpaka limemfunika uso. Alipolishusha macho yetu yakagongana. Akalirudisha palepale usoni, nalo tupu.

Nilijiambia nitacheka nikifika kibandani. Nilipofika nikamkuta Sidek amekaa kwenye meza ya pili, anapanga vijiko vilivyokwisha kupangwa.

"Mwalimu hajaja?"

"Anaumwa."

"Tena?"

"Uzee huo."

Akachukua kijiko kimoja, akakifuta, akakirudisha. Sikucheka.

Binti yetu Norlida alipiga simu kutoka Pulau Pinang. "Mama, fungeni kibanda. Baba apumzike."

Pumziko hilo nalijua. Kaka yake Sidek watoto walimpumzisha na shamba lake la mpunga mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu tukamzika. Sidek bila sufuria yake ni hivyohivyo. Na sufuria ikiendelea hivi, kibanda kitajifunga chenyewe. Dawa nilikuwa nayo: akiri tu kwamba ulimi wake umekufa tangu homa ile, hausikii ladha, mimi nishike chumvi, yeye ashike mengine yote. Lakini nitaanzaje kumwambia, na miezi mitatu nimekula kiapo cha utamu?

Nikaamua kumtega, ajisemee mwenyewe.

Alhamisi, kabla hajaniita, nikachukua maji ya kuoshea mchele, nikayapasha moto, nikatupia majani ya kitunguu na vitunguu vya kukaanga juu, nikampelekea.

"Leo onja wewe. Mimi nina kidonda mdomoni."

Alikunywa. Akafumba macho kama zamani.

"Tamu," akasema.

Nimemnasa! Maneno niliyapanga tangu usiku, matamu, yenye mzaha ndani yake ili asiumie. Ila alipofumbua macho nikaona shingo yake ilivyosinyaa ndani ya kola, na maneno yote yakanikimbia.

Akanisogezea bakuli. "Onja na wewe. Kidonda hakitakuua."

"Umeshasema tamu."

"Nataka kusikia kwako."

Nikanywa. Maji ya uvuguvugu, wanga, na kitunguu kinachoelea.

"Vipi?"

Ningeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Tamu, mzee wangu."

Sidek aliliinamisha bakuli kuelekea kwenye taa. Maji yalikuwa meupe kama tui.

"Som, homa ilichukua pua, ikachukua na ulimi. Macho iliniachia. Haya ni maji ya mchele."

Nikashika kisu cha matango, nikakiacha.

"Nilisema tamu nione utajibu nini. Miezi mitatu nakupa bakuli la kwanza. Nilijiambia, ulimi wangu umekufa, lakini ninao wa Som."

Akaliweka bakuli chini. Mkono haukutetemeka hata kidogo.

"Sasa niambie. Mwalimu Hanapi anaumwa nini?"