Mwaka Babu Alipoisahau Pasaka ya Bibi

Nyumbani kwetu Pasaka huja mara mbili. Ya kwanza ni ya Babu Emil, ambaye ni Mkatoliki, na huja na paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Ya pili ni ya Bibi Paraska, ambaye ni Muorthodoksi, nayo hufuata kalenda yake yenyewe, mara nyingi wakati maduka yameshaanza kuuza sungura wa chokoleti kwa nusu bei. Makanisa yao yanatazamana, katikati kuna barabara na kituo cha mafuta. Zamani za uchumba wao watu wa mji wetu, Brannock, waliwekeana dau nani atavuka barabara kumfuata mwenzake. Hakuna aliyevuka. Walifunga ndoa huku, wakabarikiwa kule, na watoto wakagawanywa kwa desturi ya wazee: wavulana kwa baba, wasichana kwa mama. Mimi Ksenya ni binti wa binti, kwa hiyo niliangukia kwa Bibi, ingawa mayai ya sikukuu nala ya pande zote mbili. Sina ubaguzi.

Sasa, kuna kitu ambacho Babu anakipenda kuliko kanisa lolote, Mungu amsamehe, nacho ni Chama cha Kindugu cha Nyota ya Karpati. Kilianzishwa na wachimba makaa ya mawe, wageni wasiojua hata kuomba maji kwa Kiingereza, ili mtu akiangukiwa na mgodi mjane wake asilale njaa. Siku hizi migodi imefungwa, na kinachowashikanisha ndugu hao ni bolingi. Kila mwaka wanachama wa majimbo yote hukutana mji mmoja, wanaviringisha matufe, wanaangusha pini, wanakula mpaka vifungo vinalalamika, na wanaitana Ndugu fulani na Dada fulani kana kwamba hawakusengenyana mwaka mzima.

Babu amekuwa akiomba mashindano hayo yaletwe Brannock tangu mama yangu hajaolewa. Kila mara yalikwenda Ohio, na Ohio maana yake ni Ndugu Cyril Vrabel, mtu mwenye sauti ya tarumbeta ambaye hajawahi kukutana na kipaza sauti akakiacha kilale. Vrabel ana tabia ya kumpiga Babu begani na kumwambia kwamba Brannock nako kuna siku yake, Ndugu Hudák, vumilieni tu. Babu hurudi nyumbani akiwa amevumilia mpaka uso umekuwa mwekundu.

Basi siku makao makuu yalipoipa Brannock mashindano, na Babu akawa mkurugenzi, mzee alitembea mjini kama bwana harusi. Akaita kamati katika chumba cha chini cha jengo la tawi la Chama, wapange tarehe. Mimi nilikuwepo kwa sababu ndimi pekee niliyejua kuwasha kompyuta. Nawaambia, hakuna bunge lililowahi kupima sheria kama wazee wale walivyoipima tarehe. Walikwepa Siku ya Akina Mama. Walikwepa komunyo ya kwanza ya watoto. Walikwepa upasuaji wa nyonga wa Dombek, mwenye ukumbi wa bolingi. Walikwepa kwa heshima kubwa siku ya kufunguliwa msimu wa kuvua samaki wa trauti mtoni, maana siku hiyo hata ukiita mazishi, marehemu atazikwa na wanawake. Mwisho wakapata wikendi moja safi, haina kitu, inang'aa, wiki chache baada ya Pasaka. Babu akapiga meza, kamati nzima ikapiga meza, na tarehe ikapita.

Wote waliokuwa mezani walikuwa wa kanisa la Babu. Wanachama wa kanisa la Bibi walikuwa ng'ambo ya barabara jikoni mwa kanisa lao, wakikunja pirohi, vile vinyunga vya kuchemsha vyenye viazi ndani, za kuuza Ijumaa. Na mimi, mtoto wa Pasaka ya pili, nilikuwa nahangaika na kompyuta.

Mabango yalipotoka kwa mpiga chapa, nilipeleka moja jikoni kwa Bibi na mashoga zake, nikidhani nawapelekea furaha. Bibi alikuwa anabana kingo za pirohi kwa vidole vyake vile ambavyo havijui kukosea. Huyo ndiye mpigaji wa mwisho wa timu ya wanawake ya Brannock, yule anayeachiwa tufe wakati mambo yameharibika. Alilisoma bango mara moja, mikono haikusimama.

"Ijumaa Kuu, Jumamosi Kuu na Pasaka yenyewe," alisema. "Vizuri."

Mwanamke akifoka, una la kumjibu. Akisema vizuri, tafuta pa kulala.

Nilimkuta Babu gereji aking'arisha tufe lake, nikamweleza. Kwanza alicheka, akaniambia, mchumba, Pasaka si tulishakula? Halafu nikaona kicheko kikishuka usoni taratibu, kama mtu anayeteremka ngazi gizani akitafuta kipandio kwa mguu. Timu zilikuwa zimeshathibitisha kutoka New Jersey mpaka Illinois. Hoteli zilikuwa zimejaa. Ukumbi wa Dombek haukuwa na wikendi nyingine mpaka majira ya joto. Kuahirisha maana yake ilikuwa kupiga simu makao makuu, na simu hiyo ingepokelewa na nani kama si Ndugu Vrabel, makamu mwenyekiti wa kamati ya taifa, ambaye ukumbi wake kule Ohio huwa tayari wakati wote.

Babu akafanya alichoweza, yaani ujinga. Alivuka barabara kwenda kwa Padre Vasil, paroko wa Bibi, akiwa amebeba chupa ya konyaki ya plamu, kuuliza kama kungekuwa na uwezekano, mwaka huu tu, kwa ajili ya udugu, ibada isogezwe kidogo. Padre akaipokea chupa, akamwambia kwamba wafalme wamejaribu kuisogeza Pasaka hiyo wakashindwa, sembuse bolingi. Ila alimwahidi kumwombea.

Nyumbani Bibi hakununa. Hilo ndilo lililomtisha Babu. Alipika, alifua, aliuliza maendeleo ya mashindano kwa sauti ile ile anayomwulizia jirani mgonjwa. Kisha akamtaarifu mkurugenzi kwamba yeye na wenzake wataendesha jiko la mashindano kama walivyoahidi, kwa kuwa neno ni neno, lakini wao wako katika mfungo, na Ijumaa na Jumamosi hiyo mikono yao haitagusa nyama, wala siagi, wala jibini, wala yai. Na yeye binafsi hatagusa tufe.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba mashindano ya taifa ya Nyota ya Karpati, kwa siku mbili nzima, yalikula maharage. Yalikula pia kabichi, uyoga, na pirohi za viazi zilizopakwa mafuta ya alizeti na kitunguu. Wanaume walioendesha gari kutoka Chicago wakiota soseji walisimama kwenye foleni na sahani zao kama wafungwa. Vrabel alikuja dirishani mwenyewe, akamwuliza Bibi kwa adabu ya Ohio soseji ziko wapi.

"Ziko Ohio, Ndugu Vrabel," Bibi akamjibu, akamwongezea maharage.

Niseme ukweli, mashindano yenyewe yalikwenda kama saa. Matufe yalinguruma, pini zilianguka, mitambo ya Dombek iliyozoea kukwama haikukwama hata mara moja. Babu alizunguka katikati ya yote hayo na filimbi shingoni na shati jekundu lililoandikwa Mkurugenzi mgongoni, na kila alipopita karibu na jiko alipunguza mwendo. Timu ya wanawake ya Brannock ilicheza Ijumaa bila Bibi, ikajiaibisha vya kutosha.

Jumamosi alasiri Babu akaja jikoni, uso umechangamka. Alikuwa ameshinda na kamati asubuhi yote, amebembeleza, amebadilishana zamu na watu wa Connecticut, na sasa wanawake wote wa kanisa la Bibi walikuwa wametengewa njia zao za kuviringishia matufe Jumapili mchana, baada ya ibada, baada ya kula, bila mfungo. Wacheze michezo yao yote wakati huo. Alilisema hilo kama mtu anayeweka zawadi mezani na kurudi nyuma hatua moja ili aone inavyofunguliwa.

Bibi akafuta mikono kwenye aproni. Mashoga zake ghafla wakagundua kwamba sufuria zilizo mwisho kabisa wa jiko zinahitaji kukorogwa. Mimi nilibaki. Nina adabu, lakini si kiasi hicho.

"Asante," alisema. "Nitacheza. Lakini Emil, mimi sikuomba zamu."

"Sasa uliomba nini, Paraska? Niambie, nitakifanya."

"Sikuomba kitu. Ndiyo maana hukukisikia. Tangu tuoane, kila Pasaka yangu una jambo. Zamu ya kiwandani. Gari bovu. Mgongo. Nikajizoesha kusimama mwenyewe na kikapu changu, wajane wananipisha nafasi wakidhani ni mwenzao. Sawa. Lakini safari hii kalenda nzima ilikuwa mkononi mwako, baba. Uliikagua siku kwa siku. Ukawakumbuka samaki."

Kutoka ukumbini Vrabel alisikika akitangaza kwa kipaza sauti kwamba kuna mtu ameacha taa za gari zinawaka.

Mjue kilichokuwa kinamngoja Babu Jumapili asubuhi. Rais wa Chama mwenyewe alikuwa ameshafika. Siku ya mwisho hufunguliwa kwa sherehe: bendera, wimbo wa wazee, kisha mkurugenzi mwenyeji anaitwa mbele ya majimbo yote, anavishwa utepe, na anaviringisha tufe la kwanza peke yake, ukumbi mzima umesimama kimya. Babu alikuwa amelifanyia mazoezi tufe hilo moja majira yote ya baridi. Alikuwa amelifanyia mazoezi hata sebuleni kwa kabichi. Na sherehe hiyo ilipangwa saa zile zile ambazo Padre Vasil huwatoa watu wake nje kulizunguka kanisa kabla ibada ya Pasaka haijaanza.

Asubuhi hiyo Babu aliondoka kabla yetu, shati limepigwa pasi. Nilimwendesha Bibi mpaka kanisani, kikapu chake mapajani: mkate mtamu, mayai mekundu, jibini, na soseji, ndiyo, soseji zile zile. Manyunyu yalikuwa yamepita na nyasi zote zilikuwa na maji. Watu walikuwa wanatoka na mishumaa wakishika mstari. Bibi akachukua nafasi yake pembeni ya wajane. Hakugeuka nyuma hata kidogo, na mtu asiyegeuka nyuma namna ile anasikiliza kwa shingo.

Tukaanza kuzunguka, tunaimba. Tulikuwa tumefika upande wa kituo cha mafuta nilipoona kitu chekundu kinavuka barabara bila kuangalia magari. Filimbi inarukaruka kifuani. Mkurugenzi.

Alikuja mbio moja kwa moja kwenye nyasi, na hapo nikaona miguuni ana viatu vya bolingi, vile ambavyo soli yake imetengenezwa mahususi ili iteleze. Iliteleza. Babu yangu aliupita msafara mzima wa Pasaka kwa mguu mmoja, mikono imenyooka, akawapita wanakwaya, akampita shemasi, na angeishia kwenye kaburi la paroko wa zamani kama Bibi asingemdaka mkono.

"Viatu gani hivyo?" Bibi akamnong'oneza, akiendelea kutembea, akimkokota.

"Nilikuwa nimeshasimama kwenye njia. Tufe liko mkononi. Wimbo umekwisha."

"Halafu?"

"Halafu nikaliweka chini."

Wakatembea kidogo. Babu alikuwa anahema kama injini ya zamani, na kila hatua mguu mmoja ulitaka kwenda Ohio.

"Nani kafungua?" Bibi akauliza.

"Vrabel."

Bibi akasimama. Msafara wote nyuma yetu ukasimama, mishumaa ikagongana. "Vrabel? Umempa Vrabel tufe lako?"

"Na utepe. Ndiye aliyekuwa karibu."

"Emil. Atalisimulia hili mpaka kaburini. Kila mwaka, kwenye kila karamu. Eti mwenyeji alikimbia, akaokoa yeye."

"Atasimulia," Babu akasema. "Namjua. Na kipaza sauti atakuwa nacho."

Bibi alimtazama mumewe toka filimbi mpaka viatu. Mchana ule angeangusha pini kama mtu anayefagia uwanja, na wanawake wa Brannock wangepanda kutoka mkiani mpaka nafasi ya nne, lakini hayo ni ya mchana. Wakati ule alimwondolea tu tone la maji kwenye nyusi, akaweka kikapu mkono wa pili ili wa kwanza ubaki na kazi ya kumshikilia, tukaendelea.

Mzunguko ulipokamilika tukasimama mbele ya mlango uliofungwa. Padre akapaza sauti kwamba Kristo amefufuka, watu wote wakamjibu kwamba kweli amefufuka, na Babu akajibu pia, akiwa amechelewa kidogo, kwa sauti ya kiwandani. Mlango ukafunguliwa, watu wakaanza kuingia kwenye mwanga. Yeye akavua kofia, akajipangusa jasho, akamwinamia mkewe.

"Nzuri sana," alisema. "Imekwisha?"

"Haijaanza," Bibi akamwambia, akamvuta ndani.