Kitabu cha Kombe cha Baba Hilda

Mume wangu Abel alifanya kazi Tanga miaka minne akiwa kijana, kwenye mkonge. Tangu anioe akaniletea hapa Gitting, mbali na pwani, habari za bahari, ni bahari asubuhi, bahari jioni, mpaka ng'ombe wake wameichoka hiyo hadithi. Mimi nazima tu redio yangu na kumsikiliza, nifanyeje, nampenda.

Mwaka huu daktari alituambia jicho lake la kushoto limekwisha na la kulia litafuata. Nikaapa kwamba kabla halijafuata, huyu mtu ataiona bahari yake tena. Kumpeleka Tanga siwezi. Lakini masista walinifundisha zamani kutengeneza vitabu vya sala, vidogo vya kukunja, ukubwa wa kiberiti. Na kombe, yale maganda ya viumbe wa baharini, huku kwetu zipo, zinauzwa duka la pembejeo kwa ajili ya kuku, unazitwanga unachanganya na pumba ili mayai yasiwe laini. Nikaenda kwa Isidori mwenye duka, nikainamia gunia, nikachagua zilizo nzima. Isidori akaniuliza kama kuku wangu siku hizi wanachagua sura. Nikamwambia apime anyamaze.

Unaipaka kombe wino kidogo, unailazia karatasi yenye unyevu, unabonyeza kwa kidole gumba polepole, na mistari yote inatokea. Kila ukurasa uliokauka nilimpelekea Abel. Aliusogeza puani, akasema ni mzuri sana, ni Tanga kabisa. Nikawa natembea uani naimba.

Ukabaki ukurasa mmoja. Kombe zangu, nyeusi kwa wino, niliziacha kwenye sinia mlangoni nikaenda kuchota maji. Narudi, nasikia kinu. Abel anatwanga, jasho linamtoka, ananiambia kwa furaha kwamba leo amenisaidia chakula cha kuku.

Nilikuwa na maneno mdomoni ambayo hata padri asingeyasamehe. Ndipo nikamtazama vizuri. Viganja vilikuwa vyeusi tii, na paji la uso pia, pale alipojifuta jasho, naye hana habari. Nikatua ndoo, nikakaa karibu naye.

"Baba Hilda, zile kurasa uliziona?"

Akaacha kutwanga.

"Hata mmoja sikuuona. Ulikuwa na furaha, mke wangu. Ningeanzaje kukuambia?"

Nikalia, nikamgombeza, nikalia tena. Kisha nikamnawisha uso kwa sabuni.

Kesho yake nilirudi kwa Isidori, safari hii nikachagua kwa kupapasa, zile zenye matuta makali. Wino nikauweka kando. Nikachukua karatasi nzito, nikailoweka, nikaikandamiza juu ya kombe kwa uzito wangu wote hadi umbo likasimama lenyewe, jeupe juu ya jeupe. Siku nne vidole vilikuwa vimevimba, hata kusonga ugali nilikuwa naugulia.

Jumapili baada ya misa nilimwekea kitabu kiganjani. Kidole chake kikapita ukurasa wa kwanza taratibu, wa pili, wa tatu. Safari hii hakusifu chochote, na mimi roho juu. Kwenye wa nne akasimama, akarudia kupapasa, akaanza kucheka.

"Huyu umemlaza kichwa chini, Mama Hilda," akasema, akanyoosha mkono kuutafuta wangu. "Lete kidole chako nikuonyeshe anavyokaa mchangani."

Nikampa.