Kikombe cha Msibani kwa Haji Muhyiddin

Tangazo la msiba lilitoka msikitini Alhamisi asubuhi, Nuhad Sabbagh akiwa juu ya ngazi anatundika pazia la jukwaa katika sinema ya zamani. Haji Muhyiddin, mpika sabuni wa mtaa wao pale Tripoli, ambaye nyumba na kiwanda chake vilipakana na sinema, amefariki. Nuhad akashuka polepole, akakaa kwenye kiti cha mstari wa mbele.

Siku hiyo alikuwa ameipigania miaka saba. Mwenye jengo alimpa sharti kwa maandishi: sinema ile ya zamani ifunguliwe kwa watu Alhamisi hii, iwe ukumbi wa maigizo, la sivyo arudishe funguo na jengo livunjwe, pawe maegesho ya magari. Na mtaani kwao, pakiwa na msiba, hakuna anayefungua shughuli mpaka aende kuwaomba wafiwa.

Ghassan, mpiga ngoma ya dumbaki katika kundi lake la maigizo, hakuona haja. "Mama Nuhad, huyu si ndiye aliyekusanya saini ufukuzwe mtaani kwa kupanda jukwaani? Tupige tu. Akichukia, aje mwenyewe kulalamika."

Wenzake wakacheka. Nuhad akamwambia afunge mdomo, akaenda kuvaa nguo nyeusi.

Kilichomwelemea hasa hakikuwa dumbaki. Katika mchezo wake alikuwemo muuza sabuni mwenye kofia nyekundu, anayepima uchaji Mungu wa watu kwa wingi wa povu. Mtaa mzima ulimjua ni nani. Na katika miaka arobaini ya Nuhad jukwaani, wakaguzi wa serikali walimtaka afute hili na lile. Alikaa mahabusu siku kumi na moja, hakufuta hata neno.

Msibani, Itidal, binti mkubwa wa marehemu, alimpa kahawa chungu. Nuhad akaipokea, akakiweka kikombe chini bila kunywa. Wanawake wakageuka kumtazama. Mgeni wa namna hiyo ana ombi, na hanywi mpaka akubaliwe.

"Sema, Bi Nuhad," Itidal alimwambia.

Akaeleza habari za jengo, funguo, na watu walioalikwa saa kumi na moja jioni. Itidal akajibu kwamba wafungue, ila bila dumbaki. Nuhad akanyoosha mkono kuchukua kikombe.

"Na yule muuza sabuni wako?"

Mkono ukarudi. "Leo hatatoka jukwaani."

"Na kesho?"

Uongo ungekuwa rahisi. Uso wake ulikuwa umezoea kuaminiwa na kumbi nzima.

"Siku zenu za msiba zikiisha, atatoka. Baba yako alinitenda vibaya, dada. Siwezi kukudanganya hapa."

Shangazi mmoja akavuta pumzi.

"Baba alijua," Itidal akasema. "Mlipokuwa mkifanya mazoezi, aliacha mlango wa kiwandani wazi asikie anavyochekwa. Hakukusamehe, usidhani. Ila alinung'unika kwamba kofia yake ni ya kahawia, na wewe umemvika nyekundu." Akakisogeza kikombe. "Kunywa. Imeshapoa."

Nuhad akainywa yote.

Jioni mlango ulifunguliwa, ukumbi ukajaa. Ilipofika zamu ya muuza sabuni, Nuhad alileta kiti kitupu katikati ya jukwaa, akasimama kando yake kimya muda wote wa sehemu ile. Kisomo cha msibani kilisikika kupitia ukutani, neno kwa neno. Na juu ya kiti palikuwa na kofia ya kahawia, ambayo Ghassan alizunguka soko zima mchana kuitafuta.